Mabwawa ya koi Arusha na Moshi: tumepitia maumbo yanayouzwa, na lile linalopendeza zaidi ndilo lenye shida

Mwite fundi wa bustani Njiro, Sakina au Shanty Town ya Moshi, umwambie unataka bwawa la samaki wa mapambo. Mara nyingi ataokota kijiti na kuchora namba nane kwenye vumbi. "Hapa kati tunaweka kadaraja," atakuambia, "huku maporomoko, pembeni mawe ya mtoni." Ukimuuliza kina, anaonyesha magotini. Mchoro unavutia, na kwa picha za simu hauna mpinzani. Kwa koi, yule samaki mkubwa wa rangi ambaye watu wengi humtaka kwenye bwawa la mapambo, hilo ndilo bwawa baya kuliko yote utakayouziwa.

Hapa tunapitia aina tano ambazo mtu wa Arusha au Moshi anaweza kuzipata kwa fundi au dukani: namba nane ya mawe, ganda la faiba, tangi la plastiki lililokatwa, laina (karatasi nene ya plastiki inayotandikwa shimoni), na zege. Bei hatuziandiki kwa sababu simenti ikipanda zote zinapanda. Tunaandika mifuko, nondo na lita, maana hizo hazipandi wala kushuka.

Samaki kwanza, bustani baadaye

Koi huuzwa akiwa na sentimita 8 au 10, na ukimtazama kwenye mfuko wa nailoni unaona kabisa kwamba beseni lingemtosha. Akilishwa vizuri kwenye maji ya nyuzi 20 hadi 25, ndani ya miaka mitatu au minne anagonga sentimita 50. Wengine hufika 60 hadi 70, na akitunzwa anaishi miaka 25 na zaidi. Yale maneno ya wauzaji kwamba "samaki hukua kulingana na bwawa" yapuuze. Anayedumaa amedumazwa na maji machafu, na samaki aliyedumaa hivyo haishi umri wake.

Kwa hiyo bwawa linapimwa kwa samaki mkubwa wa baadaye. Upana usipungue mara tatu ya urefu wake ili aweze kugeuka bila kukunja mgongo. Samaki wa sentimita 60 anataka mita 1.8, na sisi tunashauri 2.4. Urefu uanzie mita 3.5. Kina cha maji kiwe mita 1.2 hadi 1.5 kwa Arusha. Moshi, ambako jua ni kali zaidi, usishuke chini ya 1.3. Ujazo tunauhesabu hivi: lita 4,000 za kuanzia hata kama samaki ni mmoja, kisha lita 1,000 kwa kila koi mkubwa. Koi watano, basi, ni lita 9,000, na ukijenga 10,000 hutajuta.

Kipimo hicho si cha anasa, na chakula kinaonyesha sababu yake. Koi watano wa kilo mbili mbili hula kama gramu 100 kwa siku. Chakula chenye protini asilimia 35 huacha majini karibu gramu 3 za amonia kwa kila gramu 100 zilizoliwa. Kwenye lita 10,000 hiyo ni miligramu 0.3 kwa lita kwa siku. Kwenye bwawa la lita 1,200 ni miligramu 2.5. Chujio likifanya kazi bakteria wataila amonia hiyo yote, lakini siku umeme umekatika tangu asubuhi, akiba uliyonayo ni ukubwa wa bwawa tu.

Hapa Arusha kuna jambo la ziada ambalo vitabu vya ng'ambo havimwelezi mtu. Maji mengi ya miteremko ya Meru yana magadi, pamoja na ile floraidi iliyowatia watu wengi meno ya kahawia, na pH yake, yaani kipimo cha uchachu au ugadi wa maji, mara nyingi hupita 8. Koi wenyewe wanastahimili pH ya 8 au 8.5 bila shida, ila amonia hubadilika tabia. Maji yakiwa nyuzi 20 na pH 7.5, asilimia kama 1 tu ya amonia ndiyo huwa katika hali ya sumu. Kwa pH 8.5 ni asilimia 11. Rudi kwenye lile bwawa la lita 1,200: siku moja bila chujio inaleta miligramu 0.27 za sumu kwa lita, wakati samaki huanza kuumia mashavuni, pale anapopumulia, kwenye 0.05. Bwawa la lita 10,000 liko 0.03. Chakula kilekile, samaki walewale.

Mwinuko nao una lake. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Maji ya nyuzi 25 kule Dar es Salaam hubeba hadi miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita, ilhali hapa mwisho ni kama 7. Moshi, kwenye mita 800 na kitu, ni 7.5 hivi. Koi anataka zaidi ya 6. Nafasi ya makosa ni nyembamba, na wakati mbaya kuliko yote ni alfajiri, kabla jua halijatoka, kwa sababu mwani na mimea huvuta oksijeni usiku kucha kama samaki wenyewe. Ukiwakuta saa kumi na moja na nusu wamejipanga juu, midomo nje, usidhani wanakusalimia.

Namba nane ya mawe: usinunue

Tuipime ile ya kawaida: urefu mita 3, viduara viwili vya mita 1.5, kina nusu mita. Kwa hesabu ni lita 1,770. Toa kuta zilizolala kama sahani, toa mawe yaliyopangwa ndani, na kilichobaki ni kama lita 1,200. Koi mmoja mkubwa haruhusiwi humo, achilia mbali watano.

Lakini tuseme umeikuza mara mbili. Kiuno bado kitakusumbua. Maji yanayosukumwa na pampu huzunguka kwenye kiduara kilicho na pampu, yakifika kiunoni yanarudi. Upande wa pili unakaa kimya. Ndani ya wiki chache utaona mstari kabisa: huku unaona chini, kule kuna utando na majani yaliyolala. Inua jiwe moja la upande ule. Chini yake tope ni jeusi, linanuka yai viza, na ile harufu ni gesi inayoua samaki siku mtu atakapolivuruga kwa fagio. Mawe ya mtoni yanawekwa kwa ajili ya macho, na kila jiwe ni kabati la kinyesi.

Kingo zilizolala nazo ni ngazi za korongo. Ndege yule hapendi kuogelea, anataka mahali pa kusimama maji yakimfika magotini. Ukuta uliosimama wima wenye mita 1.3 za maji unamnyima pa kukanyaga.

Kama tayari unalo, usilibomoe. Toa samaki wakubwa, panda mafunjo na mayungiyungi, bakiza samaki wa dhahabu wachache wa kula viluwiluwi vya mbu, na baadaye lipitishie maji ya bwawa jipya lifanye kazi ya chujio la mimea. Kwa kazi hiyo ni zuri sana.

Ganda la faiba

Linakuja limeshafinyangwa, mara nyingi lita 500 hadi 1,000, kina sentimita 60, lina ngazi za kuwekea vyungu vya mimea. Kwa samaki wa dhahabu, sawa. Kwa koi, hapana.

Tangi la plastiki lililokatwa

Hili ndilo la mwenye haraka, na lina heshima yake. Tangi jeusi la lita 5,000, lile ambalo kila mtu huliita simtanki hata likiwa la kampuni nyingine, lina kipenyo kama mita 1.8. Likatwe kwenye kimo cha mita 1.3, lijazwe hadi 1.2, unabaki na lita 3,000. Soma tena hapo: unalipia 5,000, unapata 3,000. Kipenyo cha 1.8 kinamtosha koi mchanga, lakini anayekua atagonga ukuta kila sekunde mbili.

Umbo lake la duara, hata hivyo, ni zuri mno, na sababu yake unaweza kuiona kwenye kikombe. Chemsha chai ya majani bila kuchuja, koroga kwa kijiko, kisha uache. Majani hayakimbilii kingo. Yanajikusanya katikati ya kitako. Kinyesi cha samaki kwenye bwawa la duara hufanya vivyo hivyo, mradi maji yanayorudi kutoka kwenye chujio yaingizwe kwa pembeni, yakiambaa ukuta, ili yazungushe bwawa zima. Tatizo la tangi ni kwamba tundu lake la kiwandani liko ubavuni, sentimita kadhaa juu ya kitako, na uchafu unakusanyika katikati. Usipotoboa katikati na kufunga flenji ya inchi 2 au zaidi yenye mpira pande zote, utakuwa unafyonza uchafu kwa mpira kila siku.

Mambo mawili huharibika. Kwanza, ukikata sehemu ya juu, tangi linapoteza ule mfuniko uliokuwa unaushika mdomo. Likijazwa linavimba na kuwa yai. Funga pete ya nondo ya mm 12 nje, chini kidogo ya mdomo, au lizungushie ukuta mwembamba wa bloku. Pili, mafundi hulifukia likiwa tupu. Udongo, hasa ukinyeshewa, unasukuma ndani na ubavu unabonyea. Jaza maji na rudishia udongo kwa pamoja, sentimita 30 kwa 30, maji yakiwa daima juu kidogo ya udongo.

Matumizi yake sahihi ni karantini. Kila samaki mpya akae humo wiki tatu au nne kabla ya kuchanganywa na wenzake. Mfugaji mwenye bwawa zuri asiye na tangi la karantini ataliona kosa lake siku chawa wa samaki watakapoingia.

Laina

Kwa pesa kwa lita, hakuna kinachoishinda. Zipo aina mbili za kawaida madukani: ile ngumu inayotumika kwenye mabwawa ya umwagiliaji na ya sato, na ile laini ya PVC inayokunjika. Ngumu ya nusu milimita ni imara dhidi ya jua, ila haipendi kona. Inajikunja makunyanzi makubwa, na kila kunyanzi hugeuka mfuko wa uchafu. Kwa bwawa la ujazo huu chukua laini ya milimita 0.75 au 1, au ile ngumu iunganishwe palepale na mtu mwenye mashine ya joto, ikatwe vipande kufuata umbo. Usikubali gundi ya bomba kwenye ile ngumu. Haishiki, hata fundi akiapa.

Kipimo cha kununua: urefu wa bwawa, jumlisha kina mara mbili, jumlisha sentimita 60 za kingo, fanya hivyo na upande wa upana. Bwawa la mita 4 kwa 2.5 lenye kina cha 1.3 linataka 7.2 kwa 5.7, yaani mita za mraba 41. Watu husahau kina na kurudi dukani wakiwa na shimo lililo wazi.

Chini ya laina weka mchanga uliochekechwa sentimita 5, juu yake mazulia chakavu au magunia mawili mawili. Ng'oa mizizi yote. Na uliza majirani kuhusu fuko. Kwenye bustani zenye fuko, na miteremko yetu yenye udongo mwepesi wa volkano inao, mnyama huyo anachimba chini kwa chini, na laina kwake ni mzizi kama mizizi mingine. Hapo tandika wavu wa chuma wa matundu madogo kwanza, au achana na laina.

Kitu kingine ni maji ya chini. Kwenye viwanja vya bondeni, wakati wa masika, maji hupanda chini ya laina na kuinua kitako kama puto, hasa ukiwa umepunguza maji ili usafishe. Chimba shimo la majaribio la mita 1.5 mwezi wa Aprili. Likijaa lenyewe, jenga bwawa lililoinuka juu ya ardhi.

Laina inakubali umbo lolote, na hapo ndipo watu wanapojiponza: wanarudi kwenye namba nane. Chora mstatili au yai.

Zege: hili ndilo tunalolipendekeza

Mstatili wa mita 4 kwa 2.5 ndani, kuta za mita 1.5, maji mita 1.3. Hizo ni lita 13,000, koi wakubwa tisa bila kubanana. Kona zote nne ziviringwe kwa nusu kipenyo cha sentimita 30 au 40. Kona kali ya mraba ni sehemu mfu. Uchafu unalala hapo na samaki aliyeshtuka anajigonga. Ukitaka umbo la yai, sawa, ila mbao za kumwagia zege zitakugharimu siku mbili za ziada za fundi na faida utakayoiona ni ndogo.

Sakafu isiwe bapa. Ishuke kuelekea katikati sentimita 7 hadi 10 kwa kila mita, hadi kwenye tundu la chini lenye bomba la inchi 4. Tundu moja linahudumia eneo la kama mita 3 kwa 3. Kwa mita 4 kwa 2.5 moja linatosha ukielekeza maji yanayorudi vizuri. Bomba hilo linalazwa kabla ya zege, linapita chini ya sakafu hadi kwenye chujio, na halina elbo kali hata moja. Tumia mbili za nyuzi 45 badala ya moja ya 90. Ukisahau tundu la chini siku ya kumwaga zege, umelisahau kwa maisha ya bwawa.

Vifaa: sakafu ya sentimita 15 na kuta za sentimita 15 ni meta za ujazo 5.2 za zege. Kwa uwiano wa moja kwa mbili kwa nne (simenti, mchanga, kokoto) ni mifuko 33 ya simenti. Plasta ya moja kwa tatu, unene sentimita 2, mifuko 6. Niru, ile simenti tupu ya kulainishia juu ya plasta, mifuko 2. Nondo za mm 10 kila sentimita 20, kwenda na kurudi, jumla kama vipande 36 vya mita 12, na zile za sakafu zipinde zipande ukutani angalau sentimita 40, maana hapo pembeni, sakafu inapokutana na ukuta, ndipo mabwawa mengi yanapovujia. Mwaga sakafu, na kuta zifuate upesi ukiwa umekwaruza kiungio na kukipaka simenti nzito. Bora zaidi siku hiyohiyo.

Fundi atakushawishi kutumia bloku za inchi 6 kwa kuwa ni rahisi. Ukuta wa bloku unabeba uzito wa paa kwa kwenda chini vizuri kabisa. Maji yanausukuma kwa ubavu, na kwa hilo haukuumbwa. Bila nguzo na mkanda wa nondo, ufa wa kwanza utauona konani, umesimama kama uzi. Kwenye maeneo ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, bloku usizijadili kabisa. Toa udongo ule sentimita 40 chini ya sakafu, jaza moramu, shindilia kwa tabaka.

Zege jipya linaua samaki. Chokaa ya simenti hupandisha pH hadi 11 au 12. Mwagilia kuta siku 14, kisha jaza maji yakae siku 5, mwaga, sugua kwa brashi na siki, rudia mara tatu, halafu pima. pH ya bwawa ikikaa siku tatu bila kuzidi ya bomba kwa zaidi ya nusu, samaki waingie. Asiye na subira apake rangi ya epoksi ya matangi ya maji ya kunywa, isiyo ya meli wala ya sakafu, na aiache ikauke siku zote zilizoandikwa kwenye kopo.

Kasoro ya zege: haligeuzwi mawazo. Ukiamua mwakani kwamba ulitaka liwe upande ule, ni nyundo.

Pampu na chujio

Maji yote ya bwawa yapite kwenye chujio kila saa moja hadi mbili. Kwa lita 13,000 ni pampu inayotoa 7,000 hadi 10,000 kwa saa, na hapo soma boksi vizuri: ile namba kubwa iliyoandikwa mbele ni ya kimo sifuri. Ikipandisha maji mita 1.5 au 2, pampu nyingi ndogo hutoa nusu tu ya namba hiyo. Ndani ya boksi kuna mchoro wa mstari unaoteremka. Huo ndio uutazame, dukani, kabla ya kulipa.

Pampu ya wati 80 ikiwaka muda wote inakula uniti 58 za LUKU kwa mwezi. Nyumba iliyo kwenye kundi la matumizi madogo, ambalo kikomo chake ni uniti 75, itatoka humo. Lihesabu hilo kabla ya kuchimba. Kuizima usiku ili kuokoa umeme ni kosa baya zaidi: bakteria wa chujio wanaanza kufa kwa kukosa oksijeni ndani ya saa chache, na alfajiri ndiyo saa samaki wanapoihitaji. Kwa siku za kukatika umeme, pampu ndogo ya hewa kwenye betri na inveta inatosha kuwavusha.

Chujio si lazima liagizwe. Mapipa matatu ya lita 200 kwa bwawa la lita 5,000 au 6,000, na ukiwa na 13,000 jenga vyumba vitatu vya zege vyenye jumla ya lita 1,300, yaani asilimia 10 ya bwawa. Cha kwanza kitupu, uchafu utulie. Cha pili brashi au neti za zamani zilizokunjwa. Cha tatu mawe mepesi ya volkano yenye matundu, ambayo kwetu ni kokoto ya kawaida na kwa wafugaji wa Ulaya ni bidhaa ya kununua kwa mfuko. Yaoshwe hadi maji yatoke meupe. Mara ya kumi si nyingi. Kila chumba kiwe na tundu lake la kutolea tope. Na mawe hayo yaoshwe kwa maji ya bwawa, kamwe si ya bomba, kwa sababu klorini ya maji ya AUWSA au MUWSA, mamlaka za maji za Arusha na Moshi, ndiyo kazi yake: kuua bakteria.

Klorini hiyohiyo inachoma mashavu ya samaki. Badilisha asilimia 10 ya maji kwa wiki, yakiwa yamekaa kwenye tangi la wazi siku mbili na pampu ya hewa, au tumia thayosalfeti, dawa ya kuondoa klorini, kwa kipimo cha chupa. Mpira wa bustani uliosahaulika umefunguliwa usiku umeua mabwawa mengi kuliko ugonjwa.

Mahali pa kuliweka, na kingo zake

Usilichimbe chini ya mjakaranda. Vijani vyake ni vidogo kama punje za mchele, vinapita kwenye wavu na kuziba pampu, na ukifika Oktoba maua yanafuata. Nusu ya uso wa maji ifunikwe na neti ya kivuli, vinginevyo jua la huku juu litaligeuza bwawa supu ya mwani. Upepo wa Juni na Julai usiogope: maji ya kina cha mita 1.3 hayapozi ghafla kama yale ya nusu mita, ambayo yanaweza kupanda na kushuka nyuzi kadhaa kati ya saa nane mchana na alfajiri, na samaki anaugua kwa mpando na mshuko huo zaidi ya kwa baridi yenyewe. Maji yakishuka chini ya nyuzi 15, punguza chakula.

Ukuta uinuke sentimita 45 juu ya ardhi. Unazuia maji ya mvua yanayobeba matope na dawa za bustani, unakuwa kiti cha wageni, na mtoto mdogo hawezi kuingia kwa kutambaa. Haumzuii anayepanda, hapo ni kimia cha nondo cha kufunga kwa kufuli, bila mjadala.

Ukishajaza, maji yatapungua. Kiangazi ni kawaida kupoteza milimita 4 hadi 6 kwa siku, yaani lita 40 hadi 60 kwa uso wa mita 10 za mraba. Ili kujua kama ni jua au ni ufa, jaza ndoo, izamishe nusu bwawani ikae juu ya matofali yaliyopangwa, weka alama ya kalamu ndani ya ndoo na nje kwenye ukuta wa bwawa, ngoja saa 24. Vikishuka sawa, ni jua. Bwawa likishuka zaidi, acha lishuke lenyewe huku ukiandika kimo kila asubuhi. Litakapoacha kupungua, ufa uko usawa huo. Likishuka chini ya nusu mita kabla halijaacha, wahamishe samaki kwenye tangi la karantini.

Bomba la kumwagia ziada wakati wa masika liwe la inchi 3 na lifungwe wavu wa chuma usiopitisha hata samaki mchanga. Koi si wa mito yetu, na anayechimbua tope akitafuta chakula ataharibu maji ya wengine. Mfereji wa Njiro unaingia Themi, Themi inaingia Kikuletwa, na Kikuletwa inaishia bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako watu wanaishi kwa sato. Wavu huo ukaguliwe kila baada ya mvua kubwa, kwa sababu majani yakiuziba maji hupita juu ya ukuta, na samaki nao.